Shairi na Jibu Lake: Malumbano ya Washairi wa Ridhaa katika Magazeti ya Nairobi

1. Utangulizi

Mwaka wa 1965 Taban lo Liyong aliuliza kama ugumba wa fasihi katika Afrika Mashariki ungeweza kutibiwa. Swali hilo limerejelewa mara nyingi hata limekuwa mlango wa kawaida wa kuingilia historia ya fasihi ya Kenya. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba wakati swali hilo lilipokuwa likiulizwa, magazeti ya Kiswahili yaliyotolewa katikati ya jiji la Nairobi yalikuwa yakipokea mashairi kutoka kwa watu ambao kazi yao ya kila siku haikuwa uandishi. Mashairi hayo hayakuhesabiwa na aliyeuliza, wala hayakuhesabiwa na wengi wa waliomjibu. Yaliandikwa kwa lugha ambayo mjadala ule haukuendeshwa kwayo, na yalichapishwa mahali ambapo mhakiki wa chuo kikuu hakuzoea kutafuta fasihi.

Makala haya yanawahusu watungaji hao, ambao hapa wanaitwa washairi wa ridhaa. Istilahi hiyo imeazimwa katika michezo, nayo inamtaja mtu anayeshiriki kwa mapenzi bila ya kulipwa; haina maana ya mtu asiyejua. Wengi wao waliijua arudhi vizuri kuliko wasomi waliowapuuza. Dai linalotetewa ni kwamba ushairi wao hauwezi kutathminiwa kwa haki iwapo kila shairi litasomwa peke yake. Kipimo cha msingi ni shairi pamoja na jibu lake. Historia ya fasihi iliyojengwa juu ya diwani pekee imeyatenga mawili hayo, kisha ikalilaumu shairi lililobaki kwa kuwa na upungufu.

2. Asili ya kujibizana

Kujibizana kwa mashairi hakukuzaliwa na gazeti. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, wakati wa uhasama uliofikia kilele katika vita vya Shela, washairi wa Lamu na wa Mombasa walipelekeana tungo za vitisho, kejeli na mafumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayekadiriwa kuishi kati ya mwaka wa 1776 na 1840, alitunga sehemu kubwa ya mashairi yake kwa kuchochewa na tukio au na usemi wa mtu mwingine. Imezoeleka kusema kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo ni ya kweli kwa kiasi chake, ila inasahaulisha kwamba sokoni mtu hasemi peke yake.

Njia iliyozifikisha tungo za Muyaka kwa msomaji wa leo inaonyesha tatizo litakalojadiliwa hapa chini. Tungo hizo zilikusanywa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na mmishonari W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, kisha William Hichens akazichapisha kama diwani huko Johannesburg mwaka wa 1940. Mohamed Abdulaziz, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipozichapisha upya pamoja na uchambuzi mwaka wa 1979, ilimbidi arejeshe kwa maelezo kile ambacho wasikilizaji wa kwanza walikijua bila ya kuelezwa: nani alikuwa akiambiwa, kwa sababu gani, na baada ya neno gani. Bila ya maelezo hayo beti nyingi hubaki mafumbo yasiyofumbuka. Ann Biersteker naye, katika kitabu chake cha mwaka wa 1996, aliliteua neno kujibizana kuwa anwani ya uchunguzi wa ushairi wa karne mbili. Uteuzi huo ulikuwa sahihi, na matokeo yake bado hayajafuatwa ipasavyo katika usomaji wa mashairi ya magazetini.

3. Kutoka barazani hadi gazetini

Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka wa 1923, ndilo lililowazoeza wasomaji wa Afrika Mashariki kuona mashairi yao yakichapishwa karibu na habari za mvua na bei za mazao. Nairobi ilifuata baadaye. Mwaka wa 1939 kampuni ya East African Standard ilianzisha gazeti la kila wiki, na Francis Khamisi akawa mhariri wake wa mwanzo. Gazeti hilo liliitwa Baraza, na jina hilo lina uzito. Baraza la nyumba ya pwani ni mahali ambapo watu huketi wakatazamana, na aliyesema husikia jibu kabla ya kuondoka. Kuliita gazeti kwa jina hilo ni kuahidi kwamba msomaji atapewa zamu ya kusema.

Mwaka wa 1958 likazaliwa gazeti la Taifa. Aga Khan alilinunua mwaka uliofuata, na kufikia mwaka wa 1960 lilikuwa limepata toleo la kila siku, Taifa Leo, mwaka uleule ambao Daily Nation lilianza kuchapishwa. Baraza lilikoma kutolewa kabla ya miaka ya 1980 kushika kasi, lakini Taifa Leo liliendelea, na ukurasa wake wa mashairi ukawa makao ya watungaji wa nchi nzima. Hivyo jiji ambalo halikuwa na mila ya Kiswahili kama ya Mombasa au Lamu lilijikuta likiwa posta ya ushairi wa Kiswahili wa Kenya. Mshairi wa Lamu aliyetaka kumjibu mshairi wa Kisumu alilazimika kupitia Nairobi.

Masafa hayo yaliubadilisha utungaji wenyewe. Barazani aliyejibu aliwajua waliomsikia mpinzani wake. Gazetini jibu lilisafiri kwa barua, likangoja zamu, likatokea siku au majuma baada ya shairi la kwanza, mbele ya wasomaji ambao pengine hawakuliona toleo lile. Ndiyo maana ubeti wa mwanzo wa jibu una kazi nyingi: humwomba mhariri nafasi, humtaja anayejibiwa kwa jina au kwa lakabu, hutaja mji wake, na hulirudia swali lake kwa ufupi. Mhakiki anayeusoma ubeti huo kama porojo za kujaza nafasi hajauelewa. Ni bahasha iliyoandikwa anwani, na bila yake barua isingefika.

4. Arudhi kama chombo cha mawasiliano

Mwaka wa 1954 Eagle Press, chapa ya East African Literature Bureau iliyokuwa na makao yake Nairobi, ilichapisha kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Kitabu hicho kimejadiliwa zaidi kama ngome ya wanajadi katika mgogoro uliozuka miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuitoa Kichomi mwaka wa 1974. Katika mgogoro huo vina na mizani vilijadiliwa kwa maswali mawili. Je, ni uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili? Je, ni pingu za mtungaji? Pande zote mbili zilizungumza juu ya shairi lililo peke yake na mtungaji aliye peke yake.

Ukurasa wa gazeti unazusha swali la tatu, nalo ni la kihistoria zaidi kuliko la kinadharia: vina na mizani vilimfanyia kazi gani mtu aliyetaka kumjibu asiyemjua? Chukua tarbia ya kawaida, yenye mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani 16 iliyogawanywa kati ya ukwapi na utao. Mtungaji mmoja anauliza kipi bora, elimu au mali, na anaufunga kila ubeti kwa kituo kimoja. Anayejibu anapewa papo hapo vyombo vyote anavyovihitaji: bahari ameshachaguliwa, vina ameshawekewa, na kituo anaweza kukipokea kama kilivyo au kukipindua kwa kubadili neno moja. Kukipindua kituo cha mwenzako bila ya kuharibu mizani ni pigo ambalo kila msomaji wa ukurasa ule aliweza kulitambua. Aliyeshindwa kufuata vina vya mwenzake alihesabiwa kuwa ameshindwa hoja pia, hata kama hoja yake ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo arudhi ilikuwa makubaliano ya wageni. Iliwawezesha watu wa miji, makabila na kazi mbalimbali, ambao hawakupata kuonana, kuingia katika mchezo mmoja kwa kanuni moja. Hapa ndipo penye sababu moja ya mashairi huru kutostawi katika malumbano ya magazeti. Mara nyingi imedhaniwa kwamba wasomaji wa magazeti walikuwa wahafidhina. Ipo sababu nyepesi zaidi: shairi huru halina mpini wa kulishikia. Mtu anaweza kulisifu, kulikosoa au kulitungia jingine linalofanana nalo, lakini hawezi kulijibu kwa maana ambayo neno hilo lilikuwa nayo barazani. Hilo si kosa la shairi huru; kazi ya Kezilahabi, kama ya Kithaka wa Mberia wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyeitoa Mchezo wa Karata mwaka wa 1997, inaomba msomaji wa aina nyingine. Inaonyesha tu kwamba mgogoro wa miaka ya 1970 ulikuwa, kwa sehemu, mgogoro kati ya ukurasa wa kitabu na ukurasa wa gazeti.

5. Bara lajiunga na malumbano

Mwaka wa 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumiwe Bungeni. Mwaka wa 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza kutekelezwa, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka wa 1989. Kuanzia hapo kila mwanafunzi wa sekondari alitakiwa kujua ubeti, mshororo, kina na mizani, hata kama alikuwa hajaiona bahari.

Athari ya mambo hayo kwa ushairi wa ridhaa haiwezi kupuuzwa. Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, iliyochapishwa na Oxford Nairobi mwaka wa 1971, na Malenga wa Vumba ya Boukheit Amana ya mwaka wa 1982, ziliutaja ulenga kwa majina ya pwani. Mwaka wa 1976 Kahigi na Mulokozi walikuwa wameitoa Malenga wa Bara, na mwaka wa 1988 Wallah bin Wallah akatoa Malenga wa Ziwa Kuu. Majina hayo ni madai, na yakiwekwa pamoja yanasomeka kama malumbano marefu ya anwani za vitabu: nani ana haki ya kuitwa malenga, na wa wapi? Katika ukurasa wa gazeti dai hilo lilidhihirika kila juma katika lakabu ambazo watungaji walijipa, wakijinasibisha na milima, mito na miji ya kwao. Mtu wa bara aliyekuwa amejifunza arudhi darasani aliweza kumjibu mtu wa pwani aliyeirithi nyumbani, na kanuni za mchezo zilimlinda. Ni vigumu kuutaja uwanja mwingine wa Kiswahili nchini Kenya ambamo aliyejifunza na aliyezaliwa nacho walikutana wakiwa sawa namna hiyo.

Usawa huo ulikuwa na bei. Darasa hufundisha kanuni zinazotahinika, na kanuni zinazotahinika ni zile zinazohesabika. Lahaja za Kimvita na Kiamu, zilizoupa ushairi wa kale sehemu kubwa ya mnato wake, zilirudi nyuma mbele ya Kiswahili sanifu cha vitabu vya kiada. Mizani ilitimia, lakini mara nyingi neno lilikuwa limechaguliwa kwa urefu wake kuliko kwa ladha yake.

6. Mhariri na mipaka ya uwanja

Baraza la mtaani halina mlinzi wa mlango. Gazeti lina mhariri. Yeye ndiye aliyechagua, akapunguza beti, akaamua lini malumbano yamechosha na yafungwe. Washairi walilijua hilo, na ndiyo maana mhariri ni mhusika wa kudumu katika beti zao: huombwa, husifiwa, hulaumiwa kwa upole. Uhusiano huo ulizaa adabu fulani ambayo ina uzuri wake, lakini pia ulizaa woga.

Kisa cha Abdilatif Abdalla kinaonyesha mpaka wa uwanja ulikuwa wapi. Mwaka wa 1968 alisambaza waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi? Alifungwa kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa Nairobi na Oxford mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka wa 1974 kitabu hicho kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Miongoni mwa mashairi yake mashuhuri limo Mnazi: Vuta N'kuvute, ambalo limejengwa kama majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mti. Mfungwa aliyekuwa upwekeni, asiye na mtu wa kumjibu, aliitunga sauti ya pili mwenyewe. Hakuna ushahidi ulio bora zaidi kwamba kujibizana si pambo la ushairi huu bali ni namna yake ya kufikiri.

Swali aliloliuliza Abdilatif halikuwa na nafasi katika ukurasa wa mashairi wa gazeti lolote la Nairobi la wakati ule. Tangu mwaka wa 1982, Kenya ilipofanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja, hadi Desemba 1991 kifungu hicho kilipoondolewa, tungo za kulisifu taifa na viongozi hazikuhitaji ujasiri, na zile za kuwahoji zilihitaji fumbo zito. Mtetezi wa ushairi wa ridhaa hana budi kulikiri jambo hili. Uwanja ulikuwa wazi kwa watu wengi, lakini haukuwa wazi kwa kila neno. Linganisha na Lamu, ambako katika uchaguzi mdogo wa mwaka wa 1975 mashairi ya Kimondo yalisambazwa kwa kanda za kaseti, bila ya mhariri, na makali yake yakawa ya namna nyingine kabisa. Tofauti kati ya tungo hizo na zile za gazetini haikutokana na vipaji vya watungaji. Ilitokana na chombo na aliyekimiliki.

7. Diwani na kupotea kwa jibu

Njia ya kawaida ya kupanda cheo kwa mshairi wa ridhaa ilikuwa kuchapishiwa diwani. Kijiografia njia hiyo ni fupi. Ofisi za magazeti na za wachapishaji wa vitabu zilikuwa katikati ya jiji, umbali wa kutembea kwa miguu, na baadaye baadhi ya wachapishaji walihamia viunga vya magharibi: East African Educational Publishers, iliyochukua nafasi ya Heinemann Kenya mwaka wa 1992 chini ya Henry Chakava, ilikuja kuwa na ofisi zake Westlands. Kifasihi, hata hivyo, safari hiyo ilikuwa ndefu, na mizigo mingi ilianguka njiani.

Diwani hukusanya mashairi ya mtu mmoja. Shairi lililokuwa jibu huingia bila ya swali lake, na shairi lililokuwa swali huingia bila ya majibu yake, kwa sababu yale ni mali ya watu wengine. Tarehe huondolewa. Ubeti wa anwani ama huachwa ukiwa hauna maana, ama hufutwa. Kisha mhakiki huja, akakuta shairi lenye hoja ya upande mmoja, linalosisitiza lisilopingwa na mtu na kukanusha lisilosemwa, akahukumu kwamba limejaa mawaidha na halina mgogoro. Hukumu hiyo imetolewa mara nyingi katika tahakiki za Kiswahili, na kwa maandishi yaliyo mbele ya mhakiki ni ya haki. Lakini mgogoro ulikuwapo. Ulikuwa katika toleo la juma lililopita.

Ni kweli kwamba si kila jibu lina thamani. Mengi yalikuwa ya kupongezana, na pongezi zinazofuatana huchosha kuliko mawaidha. Hoja hapa si kwamba malumbano yote ni fasihi bora. Hoja ni kwamba bora na duni haviwezi kutenganishwa mpaka visomwe katika mfululizo wake, kama vile hatuwezi kumhukumu mchezaji wa bao kwa kutazama mkono mmoja.

8. Hitimisho: suala la hifadhi

Kazi inayofuata, basi, ni ya maktaba kabla ya kuwa ya nadharia. Magazeti ya zamani yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka kwenye Barabara ya Moi na katika Maktaba ya McMillan katika Mtaa wa Banda, mwendo mfupi kutoka madarasa ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kuchagua malumbano moja, akayafuata toleo kwa toleo, akayaandika kwa mpangilio wake wa tarehe, akawataja wote waliosema. Tasnifu ya namna hiyo ingetufaa zaidi kuliko uchambuzi mwingine wa dhamira katika diwani ambayo imeshachambuliwa mara kumi.

Upo pia udharura mpya. Washairi wa ridhaa wa leo, wa Kangemi na Kawangware sawa na wa Lamu na Kakamega, hawahitaji tena kungoja posta wala mhariri; hupelekeana tungo kwa simu, na jibu huweza kufika kabla ya chai kupoa. Mlinzi wa mlango ameondoka, na pamoja naye umeondoka woga wa aina moja. Ubeti wa anwani nao huenda ukapungua, kwa kuwa swali bado liko mbele ya macho ya kila mtu. Kwa namna fulani baraza limerudi. Lakini baraza la zamani lilikuwa na akina Mwalimu Sikujua, waliohifadhi kwa moyo na kwa kalamu, na gazeti liliacha karatasi. Simu hubadilishwa, hupotea, hufutwa ili kupata nafasi. Ikiwa historia ya fasihi itaendelea kungoja diwani ndipo iamini kwamba ushairi umetungwa, basi wakati huu hakutakuwa na toleo la juma lililopita la kurejea, na swali la ugumba litaulizwa tena na watu wasioweza kuonyeshwa jibu.